Mchuuzi wa Megara na marufuku ya soko iliyotangulia vita

Mwanamume anaingia katika soko la nchi jirani akiwa na binti zake wawili na gunia. Njaa imemkausha. Kwao nafaka haishikiki kwa bei, chumvi imo mikononi mwa adui, na vitunguu saumu vyake vimeng'olewa shambani na askari wa nchi hii hii anayokuja kuuzia. Bidhaa hana. Anawauliza watoto kama wanataka kuuzwa au kufa njaa, nao wanajibu kwamba heri wauzwe. Basi anawavisha kwato na pua za bandia, anawatia guniani, anawaagiza walie kama vitoto vya nguruwe, kisha anamwita mwenye soko aje aangalie mzigo.

Huo ni mchezo wa jukwaani. Aliutunga Aristophanes wa Athens, nao ukaonyeshwa mwaka 425 Kabla ya Kristo (KK) katika sikukuu ya majira ya baridi iliyoitwa Lenaia. Waamuzi waliupa nafasi ya kwanza. Mtunzi alikuwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu. Mchezo unaitwa Acharnians, yaani watu wa Acharnae, kitongoji cha wachoma mkaa nje ya Athens. Bila shaka watu walicheka sana, maana ulitungwa uchekeshe. Lakini yule mchuuzi mwenye gunia hakutoka hewani. Mji wake, Megara, ulikuwa umefungiwa soko la Athens na bandari zake zote kwa miaka kama saba, na wengi wa waliokaa kumtazama ni raia wa mji ule ule uliopiga kura afungiwe.

Kwa msomaji ambaye riziki yake hupita mpakani, kisa hiki kina jambo la kukifanya kisomwe hata leo. Kimesimuliwa na watu wawili wa mji mmoja walioishi zama moja: mwanahistoria Thucydides na huyo mchekeshaji. Mwanahistoria alikitaja kwa mistari michache. Mchekeshaji alikipa soko zima, pamoja na bei, ushuru, mchongezi na mzigo uliotaka kukamatwa. Anayetaka kujua marufuku ile ilimfanya nini mtu wa kawaida itambidi aende kwa mchekeshaji, japo aende kwa tahadhari.

Mji wa njia panda

Megara uko kilomita kama 40 magharibi mwa Athens, kwenye shingo nyembamba ya nchi kavu inayounganisha kaskazini na kusini mwa Ugiriki. Ulikuwa na bandari pande mbili: Nisaea upande wa bahari inayotazama Athens, na Pagae upande wa Ghuba ya Corinth. Ardhi yake ni mawe. Watu wake waliishi kwa kile walichoweza kutengeneza na kumpelekea jirani: chumvi, vitunguu saumu, nguruwe, matango, na zaidi ya yote nguo za sufu za bei nafuu, zile za kazi zinazoacha bega moja wazi, walizovaa vibarua na watumwa. Xenophon, aliyekuwa mfuasi wa mwanafalsafa Socrates, anaandika kwamba Wamegara wengi walipata riziki kwa kutengeneza nguo hizo. Soko kubwa lililokuwa karibu lilikuwa Athens, mwendo wa siku moja kwa miguu.

Wala hawakuwa watu wa kukaa nyumbani. Katika karne ya 7 KK ndio walioanzisha Byzantion, mji ambao leo ni Istanbul, na jirani yake Chalcedon, kwenye mlango wa kuingilia Bahari Nyeusi. Nafaka nyingi iliyolisha Ugiriki ilipitia hapo. Ila kufikia miaka ya 430 KK njia hiyo ilikuwa chini ya manowari za Athens, na visiwa na bandari nyingi za njiani vilikuwa vikiilipa Athens kodi. Nahodha wa Megara angefunga safari ya kwenda kwa ndugu zake Byzantion, na karibu kila mahali pa kutia nanga pangekuwa pa mtu yule yule mmoja.

Mwaka 432 KK au karibu na hapo, mkutano wa raia wa Athens ukapitisha amri: Wamegara wasitumie bandari yoyote ya himaya ya Athens, wala soko la Athens lenyewe. Maandishi ya amri hiyo hayakubaki, inajulikana kwa yale waliyoyasimulia wengine. Athens ilitoa sababu zake. Wamegara, ilisema, wamelima ardhi iliyowekwa wakfu kwa miungu na kipande cha mpakani ambacho hakijagawanywa, tena wanawapokea watumwa wanaotoroka kutoka Athens. Palikuwa pia na kinyongo cha zamani kidogo. Mwaka 446 KK Megara, iliyokuwa imejiunga na Athens kwa muda, iliasi, ikawaua askari wa Athens waliokuwa mjini, ikarudi upande wa Sparta.

Sparta, iliyoongoza muungano ambao Megara ilikuwamo, ikatuma wajumbe Athens. Walikuwa na madai kadhaa, lakini waliloliweka mbele ya yote na kwa uwazi kabisa ni hilo: futeni amri ya Megara, na vita havitakuwapo. Pericles, kiongozi aliyesikilizwa kuliko wote mjini, akawashauri raia wakatae. Hoja yake ni kwamba suala linaonekana dogo, lakini ukikubali kuamriwa katika dogo, kesho utaamriwa katika kubwa. Hata hivyo alikuwa na ofa ya nipe nikupe. Athens ingewafungulia Wamegara soko na bandari iwapo Sparta nayo ingeacha desturi yake ya kuwafukuza wageni mjini mwake. Huenda alijua kwamba Sparta haitakubali.

Plutarch, aliyeandika zaidi ya miaka 500 baadaye, anasimulia kwamba Pericles alijitetea pia kwa sheria iliyokataza kuondoa kibao kilichoandikwa amri ile. Mjumbe mmoja wa Sparta akamshauri basi akigeuze tu kitazame ukuta, kwa kuwa sheria ya kukataza kugeuza hakuna. Hadithi hiyo huenda imetiwa chumvi. Lakini mtu yeyote aliyewahi kujibiwa dirishani kwamba utaratibu ndio ulivyo atamwelewa yule mjumbe.

Mwaka 431 KK vita vikaanza. Ukijumlisha na miaka ya suluhu isiyotulia, vilichukua miaka 27.

Mwanahistoria alikuwa akitazama kwingine

Thucydides si mtu wa kudharauliwa. Alikuwa jemadari wa Athens, na mwaka 424 KK alichelewa kuuokoa mji wa Amphipolis, kosa lililomfanya aishi uhamishoni miaka 20. Mwenyewe anasema kukaa huko kulimpa nafasi ya kuyajua mambo ya pande zote mbili. Alihoji mashahidi na akalalamika kwamba waliokuwapo mahali pamoja hawasimulii kitu kimoja. Fedha pia hakuwa mgeni nayo, kwani alikuwa na haki za kuchimba dhahabu huko Thrace.

Msimamo wake kuhusu chanzo cha vita unajulikana sana. Ugomvi uliosemwa hadharani, Megara ukiwamo, aliuona kuwa ni visingizio, na sababu ya kweli aliiona kuwa ni nguvu za Athens zilizokuwa zikikua na hofu iliyowaingia Wasparta kwa ajili hiyo. Kuhusu dola mbili zile huenda yuko sahihi. Vita vya miaka 27 havipiganwi kwa ajili ya vitunguu saumu peke yake.

Lakini tazama anachokiacha. Hasemi amri ilipitishwa siku gani. Hasemi ilitekelezwa vipi, nani alikagua mizigo, nguo za sufu zilipanda bei kiasi gani Athens au nafaka iliuzwaje Megara. Wamegara wanatokea katika kitabu chake wakilalamika mbele ya Wasparta, kisha wanatajwa katika madai na majibu ya wakubwa, basi. Yeye aliandika juu ya mabaraza, wajumbe na majeshi, na kwa kweli ni kazi kubwa. Kutoka huko juu, mtu mwenye gunia haonekani.

Soko la mtu mmoja

Aristophanes anaanzia chini. Shujaa wake, Dikaiopolis, ni mkulima aliyehamishiwa ndani ya kuta za Athens kwa sababu ya vita, kama walivyohamishwa wakulima wengi kwa mpango wa Pericles. Mwanzoni mwa mchezo amekaa peke yake akingoja mkutano wa raia uanze, anaboreka, anakikumbuka kijiji chake. Huko, analalamika, hakuna aliyekuwa akimpigia kelele anunue mkaa, anunue siki, anunue mafuta. Neno "nunua" linamchosha. Ajabu ni kwamba mtu huyu ndiye atakayefungua soko.

Mkutano haumsaidii. Hakuna anayetaka kuzungumzia amani. Basi anatoa drakma nane mfukoni mwake na kumtuma mtu Sparta akamletee mkataba wa amani wa familia yake peke yake. Mikataba inaletwa ikiwa katika chupa, maana kwa Kigiriki neno la mkataba wa amani ndilo neno la divai inayomiminwa kwa miungu wakati wa kuapa. Anaonja ya miaka mitano, inanuka lami ya kuzibia merikebu za vita. Ya miaka kumi inanuka safari za wajumbe. Ya miaka 30 ni tamu, anaikubali hapo hapo.

Wachoma mkaa wa Acharnae wanakuja na mawe wamuue. Mashamba yao yaliharibiwa na Wasparta mwaka wa kwanza wa vita, na kwao anayefanya amani na Sparta ni msaliti. Anajiokoa kwa kumteka nyara "mwenzao" mmoja, ambaye ni kikapu cha mkaa. Kisha anaomba kujitetea, kichwa chake kikiwa juu ya gogo la mchinjaji, amevaa matambara aliyoazima kwa Euripides, mtunzi wa tamthilia za huzuni.

Utetezi wake ndio sehemu inayopaswa kusomwa karibu na kitabu cha Thucydides. Anasema yeye pia anawachukia Wasparta, maana mizabibu yake nayo imekatwa. Lakini vita havikuanza na Sparta. Vilianza na watu fulani wa Athens, na anasisitiza kwamba hasemi mji wote, watu wa ovyo anaowafananisha na sarafu bandia. Hao walizoea kuwachongea Wamegara kwa ajili ya nguo zao. Wakiona tango mahali, au sungura, au kitoto cha nguruwe, au kishada cha vitunguu saumu, au bonge la chumvi, papo hapo kinatangazwa kuwa ni cha Megara, na siku hiyo hiyo kimenadiwa. Baadaye vijana walevi wa Athens wakaiba mwanamke kahaba Megara, Wamegara wakalipiza kwa kuiba wawili wa Aspasia, mpenzi wa Pericles, naye Pericles kwa hasira akatunga sheria ya kuwafukuza Wamegara nchi kavu, sokoni na baharini. Wamegara walipoanza kufa njaa wakaiomba Sparta iwaombee. Athens ikaombwa mara nyingi, ikakataa.

Habari ya makahaba ni mzaha, na wasomaji wengi husikia ndani yake utani juu ya Herodotus, mwanahistoria aliyefungua kitabu chake kwa masimulizi ya wanawake walioibwa kati ya Ugiriki na Asia. Habari ya tango na chumvi haionekani kuwa mzaha mtupu. Hapo mchekeshaji anataja kitu ambacho watazamaji wake walikijua kwa macho. Kabla ya amri kubwa palikuwa na uonevu mdogo mdogo wa kwenye meza za soko, na watu waliokuwa wakiufaidi.

Watu hao walikuwa na jina. Mgiriki alimwita mtu wa aina hiyo sykophantes, na baadhi ya watu wa kale walilieleza neno hilo kuwa ni mtu anayefichua tini zinazosafirishwa kimagendo, ingawa maelezo hayo yanabishaniwa. Athens haikuwa na polisi wa forodha wa kutosha wala waendesha mashtaka wa serikali. Raia yeyote aliweza kushtaki. Katika sheria za karne iliyofuata aliyeripoti bidhaa haramu alipata nusu ya kilichotozwa. Wakati huo huo, aliyemshtaki mfanyabiashara kwa njia hiyo na kushindwa kupata hata moja ya tano ya kura za mahakama alitozwa faini ya drakma 1,000. Faini nene namna hiyo haiwekwi bure. Uchongezi ulikuwa umekwisha kuwa ajira.

Vitunguu na kipimo cha chumvi

Akishapona, Dikaiopolis anaweka mipaka ya soko lake mbele ya nyumba. Watu wa Peloponnesos, wa Megara na wa Boeotia wote wanakaribishwa. Wachongezi ni marufuku. Kazi ya wasimamizi wa soko anaipa mijeledi mitatu ya ngozi, iliyochaguliwa kwa kura kama walivyochaguliwa wasimamizi halisi wa Athens.

Wa kwanza kufika ni yule mtu wa Megara. Aristophanes amempa lafudhi ya kwao, Kidoria, tofauti na ya Athens, na wala hamfanyi asieleweke. Wanaelewana vizuri kama majirani wanavyoelewana. Mkulima anamuuliza habari za nyumbani. Bei ya nafaka? Iko juu, inaheshimiwa kama miungu. Chumvi? Si mmeishika ninyi. Vitunguu saumu? Vitatoka wapi, na kila mkivamia mnavifukua kama panya wa shambani. Mambo hayo hayakuwa ya kubuni. Mwaka 427 KK Athens ilikuwa imekiteka kisiwa cha Minoa, mbele ya bandari ya Nisaea, ili kuifunga kabisa.

Halafu biashara. Neno la Kigiriki la kitoto cha nguruwe lilikuwa na maana ya pili ya matusi, na utani mwingi wa hapo umejengwa juu yake, utani ambao msomaji wa leo akikumbuka kwamba walio guniani ni watoto hawezi kuucheka kwa raha. Wanapatana bei. Binti mmoja kwa kishada cha vitunguu saumu. Wa pili kwa kipimo kimoja cha chumvi, kama lita moja hivi.

Vitunguu saumu na chumvi ndivyo vitu ambavyo Megara ilikuwa ikiiuzia Athens. Mtu ametoa watoto wake kununua bidhaa za kwao. Hakuna takwimu ya vita vile inayoeleza kilichoupata uchumi wa Megara vizuri kuliko bei hiyo, na Aristophanes anaipitisha haraka, bila kuieleza, kama kichekesho kingine.

Kabla mchuuzi hajaondoka mchongezi anatokea. Anauliza mtu ni nani, anasikia Megara, mara moja anavitangaza vile vitoto vya nguruwe kuwa mali ya adui. Mchuuzi analia kwamba hiki ndicho chanzo cha balaa lote, kimerudi. Dikaiopolis anachukua mijeledi na kumfukuza, kisha anamtakia mgeni wake safari njema na raha. Mgeni anajibu kwamba raha kwao si desturi.

Baada yake anakuja mtu wa Boeotia, na hapo meza inajaa: bata, ndege wa kila aina, mikeka, tambi za taa, na mikunga wa ziwa Copais, samaki ambao Athens haikuwa imewaona kwa miaka sita. Mwenye soko anamchukua mkunga mmoja kuwa ushuru wa soko. Kisha wanatafuta bidhaa ya kubadilishana, kitu ambacho Athens inacho na Boeotia haina. Samaki wadogo wako Boeotia. Vyungu viko. Mwishowe wanakipata: mchongezi. Kwa bahati anafika mmoja, Nikarchos, na kuukamata utambi wa taa kwa madai kwamba mtu wa Boeotia anaweza kuufunga kwenye mdudu, akauwasha, akamwachia kwenye mfereji upepo ukivuma, na merikebu zote bandarini zikateketea. Basi anafungwa kwa nyasi kama chungu cha kusafirishwa, kichwa chini, na kubebwa kwenda Boeotia.

Mtu au mzigo?

Wanazuoni wamebishana sana juu ya amri hii, na ubishi wenyewe ni wa aina ambayo wafanyabiashara wanaielewa upesi: ilikataza watu, au ilikataza bidhaa? Mwaka 1972 mwanahistoria wa Uingereza G. E. M. de Ste. Croix alichapisha kitabu kikubwa kuhusu chanzo cha vita vile na kudai kwamba amri iliwahusu raia wa Megara wenyewe, na kwamba ililenga kuwavunjia heshima zaidi ya kuwaua njaa. Biashara nyingi ya Athens, alisema, ilikuwa mikononi mwa wageni wakazi na watu wa miji mingine. Mmegara angeweza kumpa mtu mwingine mzigo wake, ukaingia. Njaa anayoionyesha Aristophanes mwaka 425 KK, kwa maoni yake, ililetwa na vita.

Hoja hiyo ina nguvu upande mmoja. Uvamizi ulikuwa mkali kweli. Mwishoni mwa mwaka 431 KK Pericles mwenyewe aliongoza jeshi kuingia Megara, askari 10,000 wa ngao na deraya kutoka kwa raia, na wengine 3,000 kutoka kwa wageni wakazi. Wageni hao walilipa kodi ya drakma 12 kwa mwaka ili kuishi Athens na hawakuwa na kura. Wengi wao walikuwa mafundi na wafanyabiashara, nao wakapelekwa kung'oa mashamba ya wateja na washitiri wao wa jana. Uvamizi ulirudiwa, kwa maelezo ya Thucydides, mara mbili kila mwaka.

Upande wa pili hoja inayumba. Kumtafuta mtu wa kati si jambo dogo kama linavyoonekana kutoka chuoni. Wa kati hula faida, huchagua bei, na akijua huna njia nyingine hukubana. Na katika maneno ya Dikaiopolis kinachokamatwa ni bidhaa: tango linashtakiwa kwa asili yake, bila kujali limeshikwa na nani. Mchekeshaji hawezi kuchukuliwa kama karani wa forodha, ni kweli. Lakini kichekesho kisichofanana na kitu ambacho watu wamekiona sokoni hakichekeshi.

Jambo jingine wasomaji wa mchezo huu hulisahau kwa kumpenda Dikaiopolis. Soko lake si huru hivyo. Amani ni yake peke yake. Mkulima mmoja aliyeporwa ng'ombe wake anakuja kuomba tone moja tu la ile divai ya amani, na anafukuzwa. Mtu wa Megara naye anapewa bei ya mtu mwenye njaa, na Dikaiopolis hamwongezi hata punje. Aristophanes hamlaumu, pengine hata hakuliona. Soko lilifunguliwa, na aliyelifungua ndiye aliyepata.

Njia ya Megara usiku

Amri ilizidi kukazwa. Plutarch anasimulia kwamba baada ya mjumbe wa Athens kufa njiani, na Wamegara kulaumiwa kwa kifo chake, ilipitishwa amri nyingine iliyopendekezwa na Charinus: Mmegara atakayekanyaga ardhi ya Athens auawe.

Kutoka wakati huo kuna hadithi ya mtu wa Megara aliyevuka mpaka bila mzigo wowote. Ni Eucleides, mfuasi wa Socrates. Aulus Gellius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 2 Baada ya Kristo, anasema Eucleides alikuwa akivaa nguo ndefu ya kike na kujifunika kichwa, akatembea jioni kwenda Athens, akasikiliza mazungumzo ya mwalimu wake usiku, na kurudi alfajiri akiwa amevaa vile vile. Imeandikwa karne nyingi baada ya tukio, kwa hiyo ichukuliwe kama hadithi. Lisilo na shaka ni kwamba Plato anamtaja Eucleides miongoni mwa waliokuwapo gerezani siku Socrates aliponywa sumu, mwaka 399 KK.

Amani ya muda ilipokaribia mwaka 421 KK, Aristophanes aliirudia Megara katika mchezo mwingine, Amani. Humo Vita ni jitu lenye kinu, na Megara inatiwa kinuni kama kitunguu saumu. Wananchi wanapovuta kamba kumtoa mungu wa Amani shimoni, Wamegara wanavuta kwa meno yaliyokazwa na hawana nguvu, kwa njaa. Na sala ya shukrani inapofika haiombi mambo makubwa. Inaomba soko la Athens lijae tena: vitunguu saumu vya Megara, matango ya mapema, matofaa, makomamanga, na vijoho vya watumwa.

Suluhu haikudumu. Mwaka 405 KK Lysander wa Sparta aliziangamiza manowari za Athens katika mlango-bahari wa Hellespont, kwenye njia ya kuelekea Bahari Nyeusi, nafaka ikakatika, na mwaka uliofuata Athens ikasalimu amri kwa njaa, bandari yake ikiwa imefungwa.

Socrates alipokufa miaka mitano baadaye, Plato na wafuasi wengine walihama Athens kwa muda. Walikwenda Megara, nyumbani kwa Eucleides, kilomita zile zile 40. Na kufikia miaka ya 350 KK Isocrates, mwalimu wa ufasaha wa Athens, aliwatolea mfano watu wake: Wamegara, ambao hawana ardhi ya maana wala machimbo ya fedha na wanalima mawe, ndio wenye nyumba kubwa kuliko Wagiriki wote.